Kipimo cha Mwanafalaki

Kipimo ambacho matabibu hukitumia leo kumwambia mtu kwamba amenenepa kupita kiasi hakikutungwa na tabibu. Adolphe Quetelet, mzaliwa wa Ghent katika nchi ya Ubelgiji, alikuwa bingwa wa nyota na hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alitaka kumjua mtu wa wastani, naye aliona kwamba uzito wa watu wazima huongezeka kwa kadiri ya kimo kilichozidishwa kwa kimo chenyewe. Hakuwa akitafuta dawa ya unene. Alikuwa akihesabu umma.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwenye kimo cha meta 1.70 huzidisha 1.70 kwa 1.70, akapata 2.89, kilo zake 70 zikigawanywa kwa hiyo, jibu ni 24.2. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaipa jina ambalo sasa hufupishwa kwa herufi BMI. Nao, kwa uungwana, walikiri kwamba haitoshelezi kabisa.

Maana mizani haibagui misuli na mafuta. Mchukuzi wa magunia na karani mwenye kitambi, wakilingana kimo na uzito, hupata tarakimu ile ile. Hata mpaka nao huhamishwa: Marekani ilipoushusha hadi 25 mwaka 1998, mamilioni ya watu walilala wana uzito wa kawaida, wakaamka wanene, pasipo kuongeza hata ratili moja.