Kabla ya lami kulikuwa na springi

Safari ya Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, zamani ilimla mtu siku nzima, na laga, yaani mito ya msimu, zikijaa maji alilala njiani. Leo sehemu kubwa ya njia hiyo ni lami, kipande cha barabara ya A1 inayojengwa upya kutoka Lokichar hadi Nadapal, mpakani mwa Sudan Kusini. Wakazi wa Turkana wameipokea kwa mikono miwili, na wameingoja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ila lami hii inawapunguzia kazi watu fulani ambao hawakutajwa katika hotuba za uzinduzi: mafundi wa springi, waliokesha miaka mingi chini ya malori wakiibadilisha sehemu ya nyuma ya gari lililoundwa ng'ambo ili liweze kubeba mzigo juu ya mchanga.

Magari yaliingia Turkana kwa shida. Ukoloni uliifanya wilaya iliyofungwa, mtu wa nje asiingie bila kibali, na njia hazikuwa jambo la haraka kwa wakubwa wa Nairobi. Mwaka 1934 mwanajiolojia Mwingereza Vivian Fuchs aliongoza msafara wa kisayansi hadi Ziwa Rudolf, tunaloliita leo Ziwa Turkana. Wenzake wawili walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaleta malori ya jeshi hadi Lokitaung, kuwakabili Waitaliano walioishika Ethiopia. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walipelekwa Lokitaung hiyohiyo, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Serikali haikuhitaji kuta ndefu. Umbali na mchanga vilitosha kumfunga mtu.

Vita hivyo vya dunia viliacha somo kuhusu gari na jangwa. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezoea kuzunguka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford tangu miaka ya 1920, aliunda kikosi cha doria ya jangwani mwaka 1940. Malori yao ya Chevrolet yaliongezewa mabamba ya springi na kuvikwa tairi za upana wa inchi 10.50, moja kila upande wa nyuma badala ya mbilimbili. Tairi ya mbele ndiyo inayoshindilia mchanga. Ya nyuma ikifuata alama ileile, gari linapita; ikikanyaga pembeni, injini inalima shamba mara mbili. Dereva aliyewahi kuvuka laga ya Kawalase msimu wa kiangazi analijua hilo, hata kama jina la Bagnold hajawahi kulisikia.

Lami ya kwanza ya maana ililetwa na Norway. Katika miaka ya 1980 fedha za nchi hiyo ziligharamia barabara kutoka Kitale, kupitia Kapenguria, Marich na Kainuk, hadi Lodwar. Wanorway walikuwa tayari wamejiingiza katika uvuvi wa ziwa, na kiwanda chao cha samaki kule Kalokol, kilichogharimu mamilioni ya dola, kilizimika karibu mara tu kilipowashwa. Wengi hukumbuka kiwanda kwa sababu kilianguka. Barabara ilifanya kazi, na kwa miaka kadhaa malori yalishuka kutoka Kitale bila kuvunja kitu.

Halafu likazuka zogo la mwaka 1990. Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani wa Nakuru Kaskazini, alikuwa amekimbilia Norway kutoka mikononi mwa serikali ya Rais Moi. Oktoba mwaka huo akajikuta kizuizini Nairobi, akishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Serikali ilisema alikamatwa Nairobi. Watetezi wake wakasema alitekwa Uganda. Balozi wa Norway, Niels Dahl, alilalamika na kufuatilia kesi waziwazi. Moi hakuvumilia. Kenya ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Norway, balozi akafunga virago, na misaada ikakatika. Koigi aliachiliwa mwaka 1993, na baadaye nchi hizo mbili zikapatana. Lakini Turkana, ambayo haikuwa na mkono wowote katika ugomvi huo, ndiyo iliyolipa. Mradi mkubwa wa maendeleo wilayani ulipoteza mfadhili wake, na barabara ikaachwa ichakae. Ikafika wakati madereva wakaikimbia lami yenyewe, wakachonga njia zao pembeni, kwenye mchanga, kwa sababu mchanga ulikuwa na huruma kuliko mashimo. Hadi leo sioni sababu ya Nairobi kushindwa kuziba mashimo hayo kwa fedha yake yenyewe.

Na mizigo ndiyo kwanza ilikuwa inaongezeka. Operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kuwasaidia watu wa kusini mwa Sudan, iliyoanza mwaka 1989, ilijenga kituo chake Lokichoggio. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kuwapokea vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Unga, mafuta na mahema vilipanda kutoka Mombasa kwa malori, na malori yakatembea kwa msafara wenye askari kwa hofu ya majambazi. Katika msafara kama huo springi ikivunjika huna anasa ya kusimama. Ndiyo maana dereva mwenye akili alipitia kwa fundi kwanza.

Kazi yenyewe huanza kwa kuinua chesisi juu ya jeki na magogo, kisha yubolti zinafunguliwa na springi inaachana na ekseli. Senta bolti ikitoka, mabamba hutandazwa chini kwa mpangilio: la kwanza refu lenye macho pande zote, la mwisho fupi na nene. Fundi hutafuta ufa, na mara nyingi huupata kwenye tundu la senta bolti, maana hapo ndipo chuma kilipotobolewa. Bamba lililolala hurudishiwa upinde kwa nyundo, likiwa baridi, pigo moja baada ya jingine. Ukilitia moto ovyo, ugumu wake unakufa, na kwenye laga ya kwanza linanyooka tena. Kisha huongezwa bamba moja au mawili kutoka kwa lori lililokufa, na yubolti ndefu zaidi. Fundi mzuri haishii hapo. Springi ikipanda, propela shafti hubadilisha pembe na krosi zake huisha mapema, kwa hiyo atapachika kabari ya chuma kati ya springi na ekseli mpaka pembe irudi.

Tairi pana ni mtihani mwingine. Ukilivalisha gari tairi pana kuliko alivyopanga mtengenezaji, upande wa ndani unasugua springi na upande wa nje unakula madigadi. Wamarekani walikutana na tatizo hilo kwenye magari yao ya mbio za barabarani ya miaka ya 1960, Dodge Charger na Ford Mustang, ambayo nyuma yalikalia springi za mabamba. Walizisogeza springi ndani chini ya chesisi na kukata bodi ili tairi ipate nafasi. Walitafuta mshiko juu ya lami kavu. Turkana hatari ni tofauti: springi zikikaribiana sana, gari lenye mzigo mrefu huyumba, na laga haina lami ya kukushika. Njia inayotumika zaidi ni kubadilisha rimu au kuweka spesa ili tairi itoke nje, nayo ina gharama yake, kwani beringi hubeba uzito usiozihusu.

Toyota yenyewe ililiongezea jambo hili utata. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilipopewa injini ya V8 mwaka 2007, sehemu ya mbele ilipanuliwa ili injini ienee, lakini ekseli ya nyuma ikaachwa nyembamba. Tofauti ni kama milimita 95. Somo lile la Bagnold likasahauliwa kiwandani: tairi za nyuma zinachimba mchanga mpya. Spesa za nyuma zinazorekebisha kasoro hiyo si ulimbwende. Hata hivyo nawaunga mkono wazee wa kazi wanaopendelea tairi nyembamba ya 7.50-16. Punguza upepo kabla ya laga, nayo inarefuka chini na kukaa juu ya mchanga. Ukifika ng'ambo, ijaze tena. Upana haumsaidii dereva mvivu asiyetaka kushuka na kipimo cha upepo.

Mengine ni ya juzi. Mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia mwaka 2012, na malori ya kwanza ya mafuta ghafi yakaondoka kuelekea Mombasa Juni 2018. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 mwaka 2015 kwa ajili ya barabara hii ya A1. Sasa abiria husafiri kwa Toyota Probox, ambayo nyuma ina koili na si mabamba.

Lakini barabara za kwenda Kibish, Lokitaung na Lokiriama bado ni mchanga na mawe, na huko fundi wa springi angali anahitajika. Wengi wao hawana cheti chochote, hivyo kampuni inayokuja na zabuni haiwezi kuwaandika kazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi kwa watu wa jua kali. Iwaletee mafundi wa Lodwar na Kakuma mtihani huo papo hapo kwenye gereji zao, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kitume wanafunzi wakaandike wanayoyajua, wazee hao wakiwa bado hai na nyundo zao zikiwa mkononi.