Reli ya Uhuru na njaa ya spea

Katikati ya malori yanayosubiri zamu Kurasini ipo reli ambayo wapita njia wengi huivuka bila kuitazama. Ni tawi la TAZARA, ile Reli ya Uhuru, linaloshuka kutoka upande wa Yombo mpaka bandarini. Habari za reli hii zimesimuliwa sana kwa madaraja, mahandaki na jasho la waliolala porini kati ya 1970 na 1975 wakiijenga. Mimi naielezea kwa upande wa stoo, kwa sababu naamini ndiko ilikoumia zaidi.

TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia Julai 1976. China ilikopesha yuan milioni 988 bila riba, ikaleta na vichwa vya treni: DFH2 vya kuvuta njia kuu, vyenye nguvu ya farasi 2,000, kutoka kiwanda cha Sifang cha Qingdao, na DFH1 vidogo vya kupanga mabehewa yadini. Vijana wapatao 200 wa nchi zetu mbili walisomea kazi ya reli Beijing kuanzia 1972. Elimu ilikuwepo, na moyo ulikuwepo.

Vichwa hivyo vilikuwa vya haidroliki. Injini ya dizeli ilisukuma mafuta ndani ya chombo chenye mapanga, na msukumo wa mafuta hayo ndio uliopeleka nguvu kwenye magurudumu. Mafuta yakichemka kupita kiasi, au sili zikichoka, nguvu hupotea. Sasa fikiria mlima wa kutoka Mlimba hadi Makambako, treni inapoacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu ikiwa na mzigo nyuma. Hapo ndipo DFH2 zilipoanza kuonyesha udhaifu, tena mapema, na kila kilichokufa kilihitaji kipuri kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Mtu atauliza: si jirani yupo? Dar es Salaam ina reli nyingine, ile ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Lakini ile ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini. Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa vidole vinne, ila ilitosha kuhakikisha kwamba ekseli yenye magurudumu yake iliyolala bure kwenye stoo ya shirika moja haimsaidii fundi wa shirika la pili. Na jirani mwenyewe alikuwa na jeraha lake: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, karakana kuu ya reli ya pamoja ilibaki Nairobi.

Kisha ukaja ukame wa fedha za kigeni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopaa, na shaba ya Zambia iliyoshuka thamani vilikausha hazina za nchi zote mbili. Kuagiza beringi au ringi za pistoni hakukuwa tena kazi ya mtunza stoo. Kulihitaji leseni ya kuagiza, kibali cha Benki Kuu, dhamana ya benki inayokubalika nje, halafu meli. Huku nyuma mafundi walifanya walichoweza: kichwa kibovu kilichinjwa ili kuponya kingine. Siwalaumu hata kidogo, maana ndivyo treni zilivyoendelea kutembea. Lakini kila aliyewahi kuchinja gari anajua kuwa lililonyofolewa mara ya kwanza ni nadra kusimama tena.

Wafadhili walikuja miaka ya 1980. Baadhi ya DFH2 zilifungwa injini za MTU za Ujerumani Magharibi, na vikaletwa vichwa vipya aina ya U30C, usanifu wa General Electric ya Marekani vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani. Vilikuwa na nguvu, na mlima wa Makambako viliuweza. Ila hivi vilikuwa vya umeme: dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizo kwenye ekseli. Fundi aliyebobea kwenye mafuta na sili sasa alitakiwa kusuka koili za mota. Stoo moja ikawa na familia tatu za vipuri. Kwa maoni yangu msaada ule uliokoa reli kwa muda na kuigawa karakana kwa muda mrefu.

Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilifikia kilele cha tani zaidi ya milioni 1.2 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Njia za bandari za kusini kufunguka, malori, na uongozi vyote vina sehemu yao, lakini huwezi kuuza safari wakati kichwa kiko juu ya majeki.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya CCECC ya China mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola bilioni 1.4, ukiwa na vichwa vipya 32 na mabehewa 762. Nafurahi kwa dhati. Ndiyo maana nawaomba wabunge wa Dodoma na wa Lusaka waulize mambo mawili kabla ya sherehe za kupokea: ni vipuri vipi vitatengenezwa katika karakana za Mpika na Dar es Salaam, na stoo itaanza na akiba ya miaka mingapi?