Mboga

Ukifika Zombo, wilayani Kilosa, ukauliza "Leo mboga nini?", usishangae kujibiwa "Samaki". Jibu ni sahihi. Huku bara mboga si majani tu. Ni chochote kinacholiwa na ugali: nyama, dagaa, maharage, mlenda. Karanga nazo hutwangwa zikawa unga, lakini unga huo hausongwi ugali. Hutiwa kwenye mchicha. Ukichanganywa na mayai, huokwa keki isiyo na ngano. Gramu 100 za karanga zina wanga gramu 16 hivi. Za unga wa mahindi, zaidi ya 70. Basi anayepunguza wanga asihangaike na vyakula vya kigeni. Apunguze matonge, aongeze mboga. Isiwe ya kutowelea tu. Iwe ndiyo mlo wenyewe.