Kuvu ya Bafuni Kariobangi

Mtaa wa Kariobangi, uliochipuka katika miaka ya 1960 kwa mpango wa kuwagawia watu wa kipato kidogo viwanja ili wajijengee wenyewe, ulikaribisha pamoja na mabomba adui mmoja wa kimya, naye ni kuvu. Kwani pale bafu moja linapotumiwa na wapangaji wa vyumba kadhaa tangu alfajiri hadi usiku, ukuta haupati wasaa wa kukauka.

Wahenga wa pwani walichoma matumbawe wakapata chokaa, ambayo kwa ukali wake haikuipa koga makao, na ukuta ukipumua; lakini rangi ya mafuta, iliyopendwa kwa mng'ao wake, huufungia unyevu ndani, hata ikabambuka kama magamba ya samaki, na madoa meusi yakadhihirika pembeni, juu ya bomba.

Fundi hodari hukwangua kwanza, akapaka jiki iliyozimuliwa kwa maji, akasugua, akasuuza, kisha akasubiri ukuta ukauke kabisa. Na kusubiri huku, nionavyo, ndiyo kazi yenyewe. Basi ewe mwenye ploti, kabla hujanunua mkebe wa rangi, tafadhali watobolee wapangaji wako dirisha.