Kuovakloki laptopu za mtumba: historia fupi ya Nairobi

Leo tuweke msimbo kando tuzungumze historia: jinsi watu walivyokamua kasi zaidi kutoka grafiki za laptopu za mtumba wakitumia Linux. Kuovakloki ni kuendesha chipu kwa kasi kuliko ile iliyopangiwa na mtengenezaji. Hoja yangu ni moja tu. Kikomo cha kiwandani huwekwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza, na hapa Nairobi wengi wetu ni wanunuzi wa pili au wa tatu.

Mwaka 2006 Intel ilitoa chipseti ya laptopu iitwayo 945GM, yenye grafiki za GMA 950 ndani yake. ThinkPad X60 na Dell Latitude D620 zilikuwa nayo. Kwenye kompyuta ya mezani GMA 950 ilikimbia MHz 400, kwenye laptopu 250. Zilipokuja zile laptopu ndogo za Atom N270 mwaka 2008, zenye 945GSE, ilishuka hadi 166. Usanifu ulikuwa uleule. Mapigo ndiyo yaliyopunguzwa, ili betri idumu na joto lisizidi.

Laptopu hizo zilipomaliza kazi katika ofisi za Ulaya, nyingi zilitua kwetu, zikapangwa madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue. Betri mara nyingi zilifika zimechoka: stima ikipotea, mashine inazima papo hapo. Kwa hiyo mtu wa Kawangware aliyechomeka chaja kutwa nzima alikuwa anabeba kikomo cha kulinda betri ambayo hana.

Hapo ndipo Linux ilipoingia. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa Julai 2009, kupakua mfumo mzima kulikuwa mateso, lakini Ubuntu walituma CD za bure kwa posta hadi 2011. Toleo la 7.10, la Oktoba 2007, lilileta madoido ya Compiz yakiwa yamewashwa tayari, na grafiki dhaifu zikapata mzigo mpya. Msimbo wa draiva ya Intel nao uko wazi kwa yeyote. Ukiufungua utaona kwamba kasi ya GMA 950 inakaa katika biti tatu za mwisho za rejista f0: 0 ni MHz 166, 1 ni 200, 3 ni 250 na 5 ni 400. Kusoma tu hakuna hatari:

setpci -s 00:02.0 f0.b

Mwaka 2009 ikatokea programu ya GMABooster, iliyopandisha kasi hadi 400 bila mtumiaji kugusa rejista.

Je, ilikuwa bure? La. Kutoka 250 hadi 400 ni mara 1.6, na umeme unaoliwa na chipu hupanda karibu kwa kiasi hicho hata voltiji isipobadilika. Halafu Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Feni ileile inapoza kidogo. Ukipanda kuelekea Dagoretti na Karen, hewa inazidi kuwa nyepesi. Chipseti nayo imechomelewa kwenye ubao mkuu. Ikiungua, laptopu yote imekwenda.

Ndiyo maana mimi nilipendelea njia ya fundi mvumilivu: toa vumbi kwenye feni, badilisha pesti, kisha nunua kipande cha pili cha RAM. GMA 950 haina kumbukumbu yake, inaazima ya mashine. Kwa DDR2-667, vipande viwili pacha hupandisha upana wa njia kutoka GB 5.3 kwa sekunde hadi 10.7, na hakuna kitu kinachoungua.

Mwaka 2011 Sandy Bridge ilibadilisha mchezo. HD 3000 ya ThinkPad X220 hujipandisha yenyewe kutoka MHz 650 hadi 1,300, na Linux hukuonyesha kikomo katika faili /sys/class/drm/card0/gt_max_freq_mhz. Ukiandika namba kubwa kuliko inayoruhusiwa, kerneli inakataa. Ukiandika ndogo, inakubali.

Mlango wa juu umefungwa, wa chini uko wazi, na kwa mashine ya mtumba yenye joto huo wa chini una faida zaidi. Jaribu 900 siku ya jua kali, usikilize feni. Hicho ni kikomo ulichojiwekea wewe, kwa chumba chako na stima yako.

Haya, tukutane wakati mwingine.