Ulimi Uliofungwa: Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Usiku wa Mei 1990



Ukitoka katikati ya mji wetu wa Lubumbashi na kuifuata barabara ya Kasapa, utakuta mahali pawili panapoitwa kwa jina hilohilo. Pa kwanza ni kampusi ya Chuo Kikuu. Pa pili ni gereza. Kila mzazi hutamani mtoto wake afike pa kwanza, naye huomba asifike kamwe pa pili. Lakini kulikuwa na wakati ambapo, kwa habari ya ulimi, mtu aliyeingia pa kwanza hakuwa huru zaidi sana ya aliyefungwa pa pili. Wengi wenu mlizaliwa baada ya wakati huo. Kwa kuwa baadhi yenu mnajiandaa kuingia Chuo Kikuu, na wengine mmekwisha kuingia, yafaa mjue yaliyotokea pale.

Chuo hicho kilianza masomo mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville, kikiwa chuo cha serikali kwa ajili ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Wakatoliki walikuwa wamekwisha kufungua Lovanium huko Léopoldville mwaka 1954, na Waprotestanti walifungua chuo chao mwaka 1963 katika mji ambao leo ni Kisangani. Baada ya uhuru, wanafunzi walikuwa na umoja wao wa taifa zima, UGEC, na ndani yake walijadili mambo ya nchi waziwazi.

Mlango huo ulifungwa polepole. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliunda chama chake, MPR, na vijana wakaelekezwa katika tawi lake, JMPR. Mwaka 1968 UGEC ikavunjwa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa wakidai nyongeza ya posho ya masomo na sauti katika uongozi wa chuo, na askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, wenzao walipotaka kuwakumbuka waliouawa, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Tafakarini jambo hilo: wale vijana hawakuadhibiwa kwa kuvunja mlango wala kumpiga mtu. Waliadhibiwa kwa kuomboleza. Mwezi wa Agosti 1971 vyuo vyote vitatu vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, chini ya mkono wa serikali, na Lubumbashi ikawa mojawapo ya kampusi zake hadi mwaka 1981, UNAZA ilipogawanywa tena.

Tangu hapo neno «nidhamu» lilibadilika maana. Kila shule ina haki ya kuwa na kanuni. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kuwaandaa walimu, na nawafundisha kwamba darasa lisilo na kanuni ni soko. Kanuni njema hukataza wizi, udanganyifu katika mitihani, matusi na ngumi. Lakini kanuni za wakati ule hazikuishia kwenye mikono ya mwanafunzi. Zilimfuata hadi kinywani. Kamati ya wanafunzi ilikuwa kamati ya chama. Wasimamizi wa nidhamu walikuwa watu wa chama. Kuimba sifa za kiongozi ilikuwa wajibu, na kunyamaza kungeweza kuhesabiwa kosa. Kanisa nalo liliguswa: mwaka 1972 vyama vya vijana vya kidini vilipigwa marufuku, na serikali ikataka kamati za JMPR ziwekwe hata ndani ya seminari, jambo ambalo Kardinali Malula alilipinga. Vikundi kama hivi vyenu, ambamo leo mnasoma ukurasa huu, havikuruhusiwa kuwako.

Penye marufuku ya kusema, mpelelezi hupata kazi. Mwanafunzi hakujua kama mwenzake wa chumba kimoja ni rafiki au sikio la serikali. Hivyo, kwa karibu miaka ishirini, vijana waliokuja kujifunza kufikiri walijifunza kwanza kushukiana.

Tarehe 14 Januari 1990 Rais Mobutu alitangaza kwamba wananchi wanaweza kutoa maoni yao juu ya hali ya nchi. Maandiko zaidi ya 6,000 yalipelekwa kwake, likiwemo lile la Maaskofu wa Zaire la mwezi wa Machi, lililosema bila kuficha kwamba utawala wenyewe ndio chanzo cha maovu. Tarehe 24 Aprili akatangaza mwisho wa chama kimoja. Lakini tarehe 3 Mei, mbele ya wabunge, akaanza kurudisha nyuma aliyoyaahidi. Watu waliokuwa wamefunguliwa vinywa kwa siku tisa tu waliambiwa kwamba hawakuelewa vema.

Wanafunzi wakaandamana, Kinshasa na kwetu pia. Hapa, vijana wapendwa, tuseme ukweli wote, hata ule unaotuchoma. Katika siku hizo za Mei baadhi ya wanafunzi wa Lubumbashi waliwakamata wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi, wakawapiga vibaya. Hasira iliyofungiwa miaka mingi haikutoka kwa umbo la hoja. Ilitoka kwa umbo la fimbo. Nao waliopigwa walikuwa wanafunzi, wana wa watu.

Jibu lilikuja usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei. Umeme ulikatika kampusini, na watu wenye silaha wakaingia katika mabweni. Kwa masimulizi ya walionusurika, washambuliaji walikuwa na neno la siri, ambalo mji wetu unalikumbuka hadi leo: «Lititi Mboka». Aliyejua kuitika aliachwa. Asiyejua alikuwa mashakani. Someni Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, mtaona kwamba jambo hilo si geni. Kwenye vivuko vya Yordani watu wa Gileadi walimtaka kila mkimbizi atamke neno moja, na aliyelitamka kwa lafudhi ya Efraimu aliuawa. Ndivyo inavyokuwa neno linapoacha kuwa daraja kati ya watu na kugeuzwa mtego.

Ni wangapi waliokufa? Serikali ilikiri kifo cha mtu mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukavunjika kwa kiasi kikubwa. Vyuo vilifungwa na wanafunzi wakatawanyika makwao, kila mmoja na alichokiona. Mwaka 1991 gavana wa Shaba alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa kwa ajili ya usiku huo, lakini hesabu ya waliokufa haikupata kamwe jibu ambalo wote wanalikubali.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo jeraha lililo kubwa zaidi. Sisi Wakristo huwaombea marehemu kwa majina yao. Mwezi wa Novemba tunayaandika majina kwenye karatasi na kuyaweka karibu na altare. Kwa wale wa Mei 1990 hatujui hata karatasi iwe ndefu kiasi gani. Mahali ambapo walio hai wameogopa kusema, hata wafu hawahesabiki.

Tujifunze nini? Kwanza, wale wanaodhani kwamba kufunga vinywa huleta amani chuoni wamekwisha kujibiwa na Lubumbashi. Ukimya wa miaka ishirini ulizaa wapelelezi, wapelelezi wakazaa chuki, chuki ikazaa fimbo, na fimbo ikawa sababu ya kuleta bunduki. Kama mwanafunzi angaliweza kusimama mchana, mbele ya wakuu wake, akasema «sikubaliani», pengine asingalimtafuta mwenzake usiku. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake *Pacem in Terris* wa mwaka 1963, aliihesabu haki ya kutoa maoni kwa uhuru kati ya haki za asili za mtu, ndani ya mipaka ya maadili na manufaa ya wote.

Pili, mipaka hiyo inatuhusu sisi pia. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kusema, kwa sharti la kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na maadili mema. Kumwita mwenzako msaliti bila ushahidi, kulitukana kabila lake, kusambaza uongo kwa simu: hayo si uhuru wa kusema, kwa maana yanamfunga kinywa mwingine. Kanuni ya haki huadhibu tendo lililothibitishwa, humsikiliza mshtakiwa kabla ya kumfukuza, na haimwulizi anatoka wapi.

Tusidhani kwamba haya ni ya kale tu. Mwishoni mwa Januari 2019, siku chache baada ya rais mpya kuapishwa, wanafunzi wa chuo hichohicho waliandamana kwa sababu ya kukosa maji na umeme na kwa ajili ya karo. Polisi walifyatua risasi, na wanafunzi wakafa. Chama kimoja hakikuwako tena, Katiba ilikuwako. Lakini mazoea ya kumjibu kijana kwa risasi, na mazoea ya kijana kutosikilizwa mpaka aingie barabarani, hayakuwa yamekufa.

Katiba peke yake haiyaondoi mazoea. Huondolewa na watu, kuanzia katika vikundi vidogo kama chenu. Kiongozi wa kikundi akikubali kupingwa leo bila kukasirika, kesho akiwa mkuu wa kitivo au gavana hatamwogopa mwanafunzi anayeuliza.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Katika kikundi chetu, je, yuko mtu anayeogopa kusema? Anaogopa nini, na nani?

2. Kanuni zipi za shule au chuo chetu zinalinda watu, na zipi zinalinda tu cheo cha wakubwa?

3. Katika mji au parokia yetu wako wazazi walioishi Lubumbashi mwezi wa Mei 1990. Tumwendee mmoja wao kwa heshima, tumwombe atusimulie, tumsikilize bila kumkatiza. Kisha tuwaombee wote waliokufa, ambao Mungu anayajua majina yao.