Historia Fupi ya Oda Zetu za Seti za Mtoto

Tumetimiza miaka kumi tukiwa pamoja. Habari za hisa na mikopo ameshazieleza katibu wetu. Mimi nimepewa nafasi nieleze habari ya kufuma, maana wengi hutuuliza, hivi kikundi cha kuweka akiba na kofia za watoto wachanga vinahusiana nini? Vinahusiana sana.

Kufuma kwa kroshia hatukukuanzisha sisi. Ni kazi ya sindano moja yenye ndoano, nayo ilitoka Ulaya. Kule Ayalandi, viazi vilipooza mashambani na njaa kubwa ikaingia kuanzia mwaka 1845, wanawake wengi walifundishwa kroshia ili wapate chochote cha kuuza. Katika mji wa Clones aliyeanzisha mafunzo hayo mwaka 1847 ni Bibi Cassandra Hand, mke wa mchungaji. Kwa hiyo sindano hii tangu zamani imelisha nyumba, si ya kupitishia wakati tu.

Kwetu Tanganyika wasichana walifundishwa kufuma na kushona katika shule za misheni, na baadaye katika vilabu vya akina mama. UWT ilipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti, mama zetu wengi walikuwa tayari wanajua kufuma vitambaa vya meza na vya makochi. Lakini ukiwauliza walilipwa nini, wanacheka. Ilikuwa pambo la nyumba, au zawadi ya harusi. Huo ndio urithi tulioupokea: ujuzi mwingi, hesabu hakuna.

Huku kwetu Lushoto mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Tena mtu akienda kumtazama mzazi hapendi kwenda mikono mitupu. Basi oda zikaanza kuja zenyewe. Watu walitaka seti: kofia, sweta, soksi na blanketi dogo, vyote rangi moja na nakshi moja.

Anayeona seti imekunjwa vizuri hajui kazi yake. Seti moja hula uzi karibu gramu 450 hadi 500, yaani madonge tisa au kumi ya gramu 50. Uzi huo wote lazima ununuliwe siku moja, na karatasi za madonge ziwe na namba moja ya mkupuo wa rangi. Ukirudi dukani wiki ijayo utapata rangi ya jina lile lile, lakini ukiiweka juani utaona si ile. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa kama sentimita 34, na akifika miezi mitatu ni kama 40. Kwa hiyo kofia tunaifuma yenye pindo la kunyumbuka, aivae siku nyingi. Blanketi ni sentimita 75 kwa 75. Riboni ndefu shingoni hatuweki, wala matundu makubwa ya kunasa vidole. Na seti moja hufumwa na mtu mmoja, kwa sababu mmoja hukaza uzi na mwingine hulegeza, na jicho la mteja litaona tu.

Sasa niwaambie jambo lililotubadilisha. Mwanachama mwenzetu mmoja alipata oda ya seti tatu. Akakopa kwenye sanduku, akanunua uzi, akafuma usiku baada ya kulaza watoto. Siku ya kuchukua, mteja alileta nusu ya bei waliyokubaliana. Akasema, "Jamani, si ni nyuzi tu?" Akachukua mzigo, na nusu ya pili haikuja. Marejesho ya mkopo yakafika, na yule mama akauza kuku wake wote ili asituangushe.

Kikao cha wiki ile kilikuwa kizito. Wengine walisema tuache oda kabisa, tubaki na hisa zetu. Lakini mama mmoja mzee, ambaye si msemaji, aliuliza, "Mbona fundi cherehani haambiwi ni kitambaa tu?" Hapo tukanyamaza. Ndipo tukaamua. Kwanza, oda huandikwa kwenye daftari pamoja na bei, na mteja hutia sahihi. Pili, kianzio kinacholipa uzi wote hutolewa kabla donge la kwanza halijafunguliwa. Tatu, saa za kufuma zinahesabiwa na kuingizwa kwenye bei. Blanketi peke yake halipungui saa 15. Nne, seti haitoki mpaka imalizwe kulipwa.

Wateja wachache walitukimbia, hatufichi. Waliobaki walituheshimu zaidi. Tangu siku hiyo hakuna mwanachama aliyechelewesha marejesho kwa sababu ya oda. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotaka vikundi kama chetu visajiliwe, sisi tulikuwa tumeshazoea kuandika kila kitu. Daftari la oda lilitufundisha.

Yule mama wa seti tatu bado yupo nasi, anafuma, na kuku amefuga tena.

Ndugu zetu mnaotuunga mkono, mkitaka seti njooni mwezi mzima kabla ya mtoto, na kianzio mkononi. Nanyi mabinti mnaojiunga sasa, jifunzeni sindano, lakini jifunzeni na daftari. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kisichopimwa hakijulikani kimejaa lini.



Mwenyekiti wenu